Shaaban Robert, Mnasihi wa Vijana na Watu Wazima

Katika eneo la Upanga, jijini Dar es Salaam, zipo shule nyingi za msingi na za sekondari. Miongoni mwa shule za sekondari za hapo imo moja iliyopewa jina la Shaaban Robert. Walimu wengi wamelijua jina hilo tangu wakiwa wanafunzi, wakalihesabu kuwa la mshairi na mwandishi wa insha. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haijatimia. Mtu huyu alitumia sehemu kubwa ya kalamu yake katika kazi ambayo siku hizi huitwa unasihi, yaani kumsaidia kijana au mtu mzima aone njia katika jambo linalomtatiza.

Katika makala haya tunakusudia kuyaeleza maisha yake kwa upande huo. Mwalimu wa shule ya msingi hukabidhiwa malezi pamoja na masomo. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wameingia katika umri wa kubalehe, nao huja na mambo ambayo hayamo katika muhtasari wa somo lolote. Wazazi wao nao huja, wengine kwa hasira, wengine kwa aibu. Mwalimu asiyejiandaa hukimbilia mojawapo ya njia mbili: kuhubiri au kupiga. Tunaamini kwamba maisha ya Shaaban Robert yanatuonyesha njia ya tatu, ingawa nayo ina mipaka ambayo tutaitaja.

Utoto na Masomo

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Nchi ilikuwa chini ya Wadachi, na alipokuwa bado mtoto ilikumbwa na Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikapita mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1922 alifika Dar es Salaam kusoma, akiwa na umri wa miaka 13.

Yafaa tuukumbuke mji aliouingia mtoto huyo. Kariakoo ilikuwa imepata jina lake karibuni tu, kutokana na kikosi cha wapagazi waliotumikishwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Upanga haukuwa na maghorofa wala barabara tuzionazo leo. Ujenzi mkubwa wa makazi ulikuja miaka ya 1950. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili utenge makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Mtoto wa shule aliyeishi katika mji wa namna hiyo alijifunza mapema kwamba watu hupimwa kwa rangi kabla ya kupimwa kwa akili.

Alimaliza masomo mwaka 1926. Waliofaulu na kupata cheti walikuwa 11 tu, naye alikuwa wa pili miongoni mwao. Tunaitaja hesabu hiyo ili mwalimu wa leo aone jinsi elimu ilivyokuwa haba. Hapakuwa na shule nyingine ya juu iliyomngojea. Mengi aliyoyajua baadaye aliyapata kwa kusoma peke yake baada ya saa za kazi.

Karani na Baba

Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa karani katika Idara ya Forodha, akatumikia vituo mbalimbali hadi 1944. Baada ya hapo alihamishiwa Idara ya Wanyama, na mwaka 1946 akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya Jimbo. Tangu 1952 hadi 1959 alikuwa katika Idara ya Upimaji. Kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa mtumishi wa cheo cha chini katika serikali ambayo mshahara na cheo vilifuata rangi ya mtu. Wakubwa wake wengi hawakuwa na elimu ya lugha wala fasihi ya kulingana na yake.

Nyumbani alipata pigo zito. Mkewe Amina alifariki dunia, akamwachia malezi ya watoto. Alimwandikia marehemu shairi la maombolezo lenye jina lake, ambalo hata leo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mashairi yaliyo bora katika Kiswahili. Baadaye alioa tena, na kwa jumla alioa mara tatu katika maisha yake. Basi mtu huyu alipozungumza na wengine juu ya msiba, ndoa, malezi au dharau kazini, alizungumza juu ya mambo yaliyompata mwenyewe.

Hili ndilo jambo la kwanza la kujifunza. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu hakujionyesha kuwa mtu asiyetikisika. Alieleza ndoa yake, huzuni yake, taabu za kuhamishwa na watoto kutoka kituo hadi kituo, na madhila ya safari katika nchi iliyobaguana. Msomaji mwenye taabu kama hizo hakujiona amesimamishwa mbele ya hakimu. Alijiona ameketi na mwenzake.

Nasaha Zilizoandikwa

Watoto wake walipokuwa wakikua, Shaaban Robert aliwaandikia tenzi mbili. Wa binti yake Mwanjaa aliuita Utenzi wa Hati, na wa mwanawe Hussein aliuita Utenzi wa Adili. Desturi hiyo ilikuwapo pwani tangu zamani; Mwana Kupona wa Siu alikwisha kumwandikia binti yake utenzi wa nasaha katika karne ya 19. Shaaban Robert alipokea desturi hiyo akaiendeleza kwa kumpa kila mtoto utenzi wake.

Mwalimu na alitazame jambo hilo kwa makini. Mzazi huyu hakungoja mtoto akosee ndipo amkalishe chini. Alitoa nasaha wakati wa amani. Tena aliziweka katika maandishi, na katika vina na mizani vinavyokaa kichwani, ili mtoto aweze kuzirudia akiwa peke yake, kwa wakati wake, bila jicho la baba juu yake. Jina lenyewe la Hati linaonyesha kwamba aliuona utenzi huo kuwa kitu cha kukabidhiwa mtu kikawa chake. Maonyo ya mdomo yanayotolewa mbele ya darasa zima hayana sifa hata moja kati ya hizo. Hutolewa wakati wa ghadhabu, husikiwa na wasiohusika, na huyeyuka mara kengele inapolia.

Nduguye mdogo, Yusuf Ulenge, naye alipokea barua kutoka kwake kwa miaka mingi. Barua hizo, zilizoandikwa kati ya 1931 na 1958, zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002. Muda wake tu ni somo. Ni miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja, tangu ujana wake hadi utu uzima. Kikao kimoja ofisini mwa mwalimu mkuu hakimwongoi mtu. Anayetaka kumsaidia kijana sharti awe tayari kurudi kwake mara ya pili na ya kumi, na kukubali kwamba kijana huyo atabadilika, na mazungumzo nayo yatabadilika.

Fimbo ya Adili

Mwaka 1952 kilichapishwa kitabu cha Adili na Nduguze, ambacho wanafunzi wengi wamekisoma bila kukitazama kwa macho ya mwalimu. Adili alikuwa na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomhusudu hata wakamtosa baharini. Aliokolewa na jini aliyekuwa na deni la wema kwake, na ndugu wale wakageuzwa manyani. Juu ya hayo Adili aliamriwa awapige kila usiku, na asipofanya hivyo angeadhibiwa yeye. Akawa akiwapiga huku moyo unamuuma, kisha akiwalisha na kuwabembeleza.

Walimu wangapi wamo katika hali ya Adili? Hushika fimbo kwa sababu wameikuta, na kwa sababu wanachelea kuonekana dhaifu mbele ya wenzao, ingawa hawaioni faida yake. Katika hadithi hii fimbo ilirudiwa usiku baada ya usiku, na manyani wakabaki manyani.

Lililoleta mabadiliko ni jingine. Mjumbe wa Mfalme Rai aliona kipigo kile kwa siri akapeleka habari. Mfalme alimwita Adili pamoja na manyani wake, akataka kujua kisa chote tangu mwanzo. Akasikiliza hadithi ndefu mpaka mwisho. Ndipo alipojishughulisha kutafuta msamaha kwa mwenye uwezo wa kuutoa, na hatimaye ndugu wale wakarudishiwa umbo la kibinadamu. Mfululizo huo ndio tunaotaka mwalimu aushike: mtu aliona, akauliza, akasikiliza, kisha akatafuta msaada mahali palipostahili.

Kuwanasihi Wakubwa

Ni rahisi zaidi kumnasihi mtoto kuliko kumnasihi mtu mzima, hasa mwenye mamlaka. Shaaban Robert alilijua hilo. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinasimulia kesi ya Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha watu elimu ya sheria. Karama hakumtukana mfalme wala mshitaki wake. Alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakaleta maarifa yenye manufaa, na kila mmoja akalipwa kifungo. Kadiri visa vilivyoongezeka, ndivyo wasikilizaji walivyoiona dhuluma kwa macho yao wenyewe. Mwishoni mfalme alimwachia Karama, na wale waliofungwa wakafunguliwa.

Mwalimu anayezungumza na mzazi mkali anaweza kujifunza hapa. Mzazi akiambiwa usoni kwamba amekosea, hujitetea, na mazungumzo hufungwa. Akielezwa mambo kwa utaratibu, jinsi mtoto alivyokuwa muhula uliopita na jinsi alivyo sasa, kazi alizomaliza na alizoziacha, mara nyingi hufikia uamuzi mwenyewe. Na uamuzi ambao mtu ameufikia mwenyewe ndio anaoutekeleza.

Shaaban Robert alijua pia kukaa kimya na kusikiliza. Alikutana na mwimbaji mashuhuri Siti binti Saad huko Unguja katika siku za mwisho za maisha yake, kabla hajafariki mwaka 1950, akamhoji, kisha akaandika wasifu wake. Siti alitoka katika umaskini wa shamba, aliuza vyungu, na alidharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake. Mwandishi aliyekwisha kusifika alikubali kuwa msikilizaji wa mwanamke huyo, akaonyesha katika kitabu heshima aliyonyimwa na wengi. Kumsikiliza mtu kisha kumweleza kwa heshima ni msaada unaoweza kumsimamisha aliyeinama.

Inastahili kutaja hapa kwamba mwaka ule ule wa 1951, huko Marekani, mwanasaikolojia Carl Rogers alichapisha kitabu kuhusu unasihi unaomweka mwenye shida katikati. Alifundisha kwamba mnasihi awe mkweli, amkubali mtu kama alivyo, na ajitahidi kuiona hali kwa macho ya mwenye shida. Rogers alifariki mwaka 1987, na mafundisho yake yamo katika mafunzo ya wanasihi wa nchi nyingi. Karani wa Tanga na profesa wa Marekani walitoka katika malimwengu mbalimbali, lakini wote wawili walimchukulia mwenye shida kuwa mtu mwenye akili ya kuamua.

Mipaka ya Nasaha Zake

Tungekosa uaminifu kama tungemsifu tu. Katika Utenzi wa Hati binti anausiwa sana utii katika ndoa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Nasaha za namna hiyo zikitumiwa bila kufikiriwa zinaweza kumdhuru mtoto. Msichana wa miaka 14 anayemwambia mwalimu kwamba anateswa nyumbani haambiwi avumilie. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, na afisa ustawi wa jamii ana wajibu wa kufuatilia. Mwalimu asiahidi kutunza siri asiyoweza kuitunza. Amweleze mtoto mapema, kwa upole, kwamba jambo la hatari atalazimika kulifikisha kwa wanaohusika.

Tena ipo huzuni isiyotibika kwa maneno ya mwalimu. Mtoto asiyelala, asiyekula, anayezungumza juu ya kujiua, au aliyebadilika ghafla kabisa anahitaji mganga. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, iliyomo humo humo Upanga, ina idara ya magonjwa ya akili, na katika mikoa mwalimu aanzie kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Mfalme Rai mwenyewe alitafuta msaada kwa mwenye uwezo.

Matumizi Shuleni

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa darasa la saba katika shule iliyo karibu na Kariakoo huchelewa mara tatu kwa juma, na akifika husinzia. Mwalimu wa zamu amekwisha kumchapa mara mbili pasipo mabadiliko. Mwalimu wa darasa afanye nini?

Kwanza, achague wakati wa utulivu na mahali panapoonekana na watu lakini wasikosikia, kama vile chini ya mti uwanjani. Asimwite kwa jina mbele ya darasa.

Pili, aulize swali lililo wazi, kisha anyamaze. Badala ya kuuliza kwa nini mtoto ni mvivu, aombe kuelezwa asubuhi yake ilivyokuwa tangu alipoamka. Kimya kikizidi, asikijaze kwa mawaidha. Huenda akasikia kwamba mtoto huamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama kupanga nyanya sokoni, kwa kuwa baba ameondoka.

Tatu, arudie kwa maneno yake aliyoyasikia, ili mtoto amsahihishe. Hapo mtoto hujua kwamba amesikiwa.

Nne, aulize mtoto mwenyewe anaona nini kinawezekana. Pengine dada anaweza kushika zamu siku mbili; pengine mtoto anaweza kupewa kazi za kuandika azimalize mchana shuleni. Mwalimu aongeze mawazo yake baada ya kuyasikia ya mtoto.

Tano, makubaliano yaandikwe katika karatasi ndogo abaki nayo mtoto. Iwe hati yake.

Sita, mama aalikwe kwa heshima, na asiitwe kwa vitisho. Aelezwe maendeleo ya mwanawe kwa mifano kutoka madaftarini, naye asikilizwe kama mtoto alivyosikilizwa.

Saba, mwalimu arudi kwa mtoto baada ya juma moja, na tena baada ya mwezi, hata kama mambo yanaonekana kuwa mazuri.

Njia hii inachukua muda kuliko viboko viwili. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 atatuuliza muda huo atautoa wapi. Hatumwambii awakalishe wote 80. Tunamwambia awatambue wale watatu au wanne ambao fimbo imekwisha kuonyesha kuwa haiwasaidii, maana kwao muda umekuwa ukipotea siku zote.

Hitimisho

Shaaban Robert alifariki dunia mjini Tanga mwezi Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 53. Aliacha zaidi ya vitabu 20, na baadhi yake, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapwa baada ya kifo chake. Hakuwa na cheti cha ualimu wala cha unasihi. Alikuwa na uzoefu wa taabu, subira ya kuandika, na imani kwamba mtu akielezwa kwa heshima anaweza kujirekebisha. Sifa hizo tatu zaweza kupatikana kwa mwalimu wa daraja lolote, katika shule ya mjini au ya kijijini.

Maswali ya Majadiliano

1. Eleza tofauti kati ya kuonya, kuhubiri na kunasihi. Toa mfano mmoja wa kila jambo kutoka shule uliyofanyia mazoezi.

2. Soma tena Adili na Nduguze. Je, Adili angeweza kufanya nini kabla mjumbe wa mfalme hajafika?

3. Mwanafunzi amekwambia jambo la hatari na kukuomba usimwambie mtu. Taja hatua utakazochukua siku hiyo hiyo, na maneno utakayomwambia.

4. Chagua mwanafunzi mmoja ambaye adhabu haikumsaidia. Bila kumtaja jina, waeleze wenzako maswali ambayo ungemuuliza sasa.